Mkanda Uliochelewa Kutoka Mwanza

Miaka ile watu walipokuwa wakimiminika Matongo kufuata dhahabu, mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari Tarime mjini, mgeni kutoka Iringa. Mwisho wa wiki nilipiga picha: harusi, kipaimara, wachimbaji waliotaka kutuma sura zao nyumbani. Kamera yangu ya dijitali ilikuwa nzuri, lakini betri yake iliisha upesi, na kule mashimoni hapakuwa na umeme. Ndiyo maana nikatafuta kamera ya mkanda, iliyotumika, ya kunifaa ile nyingine ikizima.

Niliipata kwa mzee mwenye studio karibu na stendi. Macho yalikuwa yameanza kumwishia, hakuwa na kazi na kamera hiyo tena. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaiweka mezani. Ilikuwa nzito, rangi imebanduka pembeni.

"Hii haikuonyeshi kitu papo hapo, mwalimu," alisema. "Ukishapiga, umepiga. Unangoja uone ulichokipata."

Jumamosi nikaenda nayo Matongo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nilipokanyaga ukingo wa njia, udongo ukameguka chini ya kiatu. Ndugu wawili niliowafahamu walikuwa wakijiandaa kushuka shimoni.

"Si mngoje kwanza pakauke?" niliwauliza.

"Tukingoja sisi, watachimba wengine," mkubwa alijibu, akamvuta mdogo wake. "Mura, simama vizuri tupigwe."

Dijitali ilikuwa imeshazima. Wakasimama mbele ya shimo, mabega yamegusana. Nilihangaika na lenzi nisiyoizoea, nikiwatazama wao tu, nikapiga mara moja. Wakashuka.

Kabla ya jua kuzama shimo lilibomoka. Watu walifukua kifusi hadi wakawapata wote wawili, wamekufa. Hakuna aliyeuliza kama kulikuwa na mwingine. Shimo likaachwa, likajaa maji.

Mama yao aliniomba ile picha. Nilikuwa nimeutuma mkanda Mwanza kwa basi ukasafishwe, maana mashine ya pale mjini ilikuwa mbovu. Tukazika bila picha.

Bahasha ilipofika niliifungulia ofisini kwa walimu. Ndugu wale walikuwa wametoka vizuri. Lakini nyuma yao, katikati ya mabega yao, palikuwa na mtu wa tatu. Alikuwa ameshaingia shimoni hadi kifuani, mikono imeshika kingo, ananitazama. Nilidhani ni kivuli. Nikaenda dirishani kwenye mwanga, na macho yake bado yalikuwa yakinitazama.

Nikapanda bodaboda moja kwa moja hadi Matongo, kwa mwenyekiti wa kitongoji.

"Huyu nani?" aliniuliza.

"Sijui. Nilidhani wewe utamjua."

"Labda alitoka kabla halijabomoka."

"Labda," nilisema. Hatukutazamana.

Akawaita waliofukua. Picha ikapita mikononi mwao, kila mmoja akitikisa kichwa, mpaka mmoja akakumbuka mgeni aliyefika asubuhi ile kuomba kibarua. Hakuwa amemwuliza jina. Mwenyekiti akavua kofia, akaiweka gotini. Kisha akasema, "Leteni pampu."

Walivuta maji, wakachimba upya. Mimi nilisimama mbali, nikiomba wasikute kitu. Wakamkuta pembeni kidogo tu ya pale walipowatoa wale wawili.

Picha ile ilipelekwa kijiji hadi kijiji, mpaka yule mgeni akatambuliwa huko Nyansurura. Mama yake alikuja na shemeji wa marehemu kuuchukua mwili. Nilimpa pole, nikamwambia nitamkuzia picha ya mwanawe bila malipo. Aliishika karibu na uso, akaitazama muda mrefu, akipitisha kidole pale kifua kilipoishia kwenye udongo.

"Baba," aliniambia taratibu, "huna nyingine akiwa bado juu?"

Nikamwambia sina.