Sukari Niliyomnyima Mama

Mama aliletwa kwangu Tangini kutoka Msimbu, macho ya manjano kama binzari, mkojo kama chai ya rangi, na mwasho uliomfanya ajikune kwa gunzi la mahindi. Aliyemleta ni mama mdogo. Kwenye pindo la kanga alifunga sukari iliyochangwa na nyumba sita. Miaka ile sukari ilikuwa kwa kibali cha balozi wa nyumba kumi na foleni juu yake.

"Manjano dawa yake sukari," alisema. Kila mtu alijua hivyo.

Hospitali, daktari kijana aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo aliniita pembeni kwa sababu nilijitangaza kwamba nimemaliza kidato cha nne. Mrija unaopitisha nyongo kutoka kwenye ini umezibwa na saratani, akasema. Kupasua tumechelewa. Halafu akaendelea kama anayeongea na wenzake: seli za saratani zina ulafi wa sukari, zinaivunja kivyake, si kama seli zenye afya, na alikosoma wapo wanaotafuta namna ya kuzishambulia hapohapo.

"Kuzikatia sukari?"

"Ndiyo."

Nikatoka na neno hilo moja.

Sukari ya nyumba sita nikamtilia mwanangu kwenye uji. Mama nikampa chai kavu, bila sukari. Nikapiga marufuku muwa, ndizi mbivu, hata papai.

"Msomi wetu!" Mama mdogo akanisuta. "Sukari imeadimika nchi nzima, na wewe umeweka foleni nyingine humu ndani?"

"Uvimbe ndio unaoila, mama mdogo. Tunaushindisha njaa."

"Uvimbe una mdomo? Mwenye mdomo ni dada yangu."

Aliyenitetea ni mama mwenyewe. "Mwache, kasoma." Anakunja uso, anameza chai kavu, kikombe hakimalizi. Wiki ya tatu bangili ilimvuka kiwiko.

Nikamrudisha hospitali. Daktari akamtazama mikono, akauliza anakula nini. Nikamweleza, tena kwa majivuno.

"Nani kakwambia umnyime?"

"Wewe."

"Mimi nilisema dawa. Dawa ambayo bado haipo, ya kufunga mlango wa sukari ndani ya seli za saratani zenyewe. Ukimnyima mgonjwa, mwili unavunja nyama yake kutengeneza sukari, na saratani inakula vilevile. Uliyemshindisha njaa ni yeye."

"Mbona hukusema hivyo?" Nilipaza sauti mpaka mtoto mgongoni akaamka.

"Nilidhani umeelewa. Si umesoma?"

Ningekuwa na kitu mkononi ningemtupia. Hata leo. Alikuwa na Kiswahili chote hiki kinywani, akasubiri wiki tatu ndipo akitumie. Na mimi nilikuwa na mdomo wa kuuliza, nikaona aibu kuonekana sijui.

Nyumbani nilikwenda kuomba sukari kwa jirani. Nikatia vijiko vinne, nikakoroga, nikampelekea mama kitandani. Akaonja. Akakirudisha kikombe.

"Hii si ulisema inalisha ugonjwa?"

"Nilikosea, mama. Daktari kasema unywe."

Akanitazama kwa yale macho ya manjano, bila hasira, kama mtu anayemhurumia mtoto aliyenaswa akisema uongo.

"Usinidanganye, mwanangu. Unanipa kwa sababu nakufa."

Nilimweleza tena, na kesho yake tena. Nililia, nikaapa kwa jina la Mungu. Mama mdogo naye akambembeleza. Hakunywa. Kati ya mabinti wawili niliokuwa, aliamua kumwamini yule wa kwanza, aliyemnyima.