Kibuyu Juu ya Mafiga

Shule niliishia darasa la nne, lakini hapa Lipangalala ukiulizia nyumba ya mwenye mashine za kukoboa mpunga, utaletwa mpaka getini. Nimeijenga kwa jasho langu, sikurithi hata msumari. Jikoni ni vigae mpaka ukutani, na jiko ni la gesi. Kwangu hukuti moshi. Hilo nilikuwa nalitangaza kwa kila mgeni, maana nimekulia kwenye moshi.

Kwenye uzio napanda maharage. Mtaani kwetu akina mama, na sisi wanaume wachache, tunabadilishana mbegu za zamani ambazo madukani hazipo. Haziuzwi. Unapewa kiganja kimoja, ukivuna unarudisha viwili. Yangu yalitoka Idete kwa shangazi yangu: meusi, yana jicho jeupe, yanatambaa mpaka juu ya waya. Ndiyo aliyotulisha marehemu mama. Mwaka huu mto ulifurika, maji yakasomba shamba la shangazi na mashamba ya majirani zake wote. Akanipigia simu.

"Mwanangu, yamebaki kwako tu. Maji yakishuka nakuja kuchukua mbegu."

"Njoo na gunia, shangazi. Ninayo ndoo nzima."

Sikudanganya. Nilikuwa nimeyavuna yakajaa ndoo mpya ya plastiki, nikabana mfuniko, nikaiweka stoo. Jirani yangu, mama mmoja muuza mboga, aliiona akacheka.

"Sisi tunatundika juu ya mafiga, moshi uyapige. Wewe umeyafungia kama yako benki."

"Kwangu hakuna mafiga, jirani. Kuna gesi."

"Haya, tajiri. Hata wadudu wanapenda nyumba nzuri."

Siku niliyofungua ile ndoo, ndani ilikuwa unga na matundu. Wadudu wanatembea kama wako sokoni. Mimi na mke wangu tulikaa na ungo tukichagua, na yaliyobaki mazima yalijaa kiganja changu, basi. Nikayatazama. Maharage ya mama yangu, yote yaliyosalia bondeni kwetu kwa ninavyojua, yalikuwa kwenye mkono mmoja.

Shangazi sikumwambia. Nilijenga kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba yangu ya vigae, nikapanga mafiga, nikayatia maharage kwenye kibuyu na kukitundika juu ya moto. Nikamwomba mke wangu awe anapikia huko.

"Mume wangu, mimi kwenye moshi nimeshatoka, sirudi. Maharage ni ya kwenu."

Basi moto ukawa wangu. Asubuhi kuni, jioni kuni. Kule Chita kuna kiwanja nilikuwa nakitaka kwa ajili ya mashine nyingine, na mwenyewe ananipigia, "Bosi, unakuja?" Namjibu kesho, huku nimechuchumaa, machozi yananitoka. Siku niliyomwachia fundi wangu wa mashine ule moto nikaenda mjini tu, nilirudi nikakuta majivu ya baridi. Sikuondoka tena. Mimi, mtu ambaye tangu ujana hakuna aliyenipangia saa ya kuamka, nimefungwa kama mbuzi, na kamba yenyewe ni kibuyu. Wateja wakija mashineni wananinusa kwanza, ndipo wananisalimia.

Maji yakashuka, shangazi akaja. Gunia amelikunja kwapani.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Akanivuta shati, akanusa. "Ndoo imeliwa."

Nilimpeleka kibandani, nikashusha kibuyu, nikamimina yote kwenye kiganja chake. Akabonyeza harage moja kwa ukucha, akalitupa motoni; halikutoa hata povu. Yamekauka vizuri, akasema. Kichwani nilishapanda basi la Chita.

Akafungua gunia lake kubwa, akatia nusu pembeni kabisa, akafunga fundo. Nusu nyingine akairudisha kwenye kibuyu.

"Chukua yote, shangazi. Ni yako."

"Nikichukua yote yatakuwa kwenye nyumba moja tena. Mto ukinitembelea, nitakwenda kwa nani?"

"Mpaka lini sasa?"

"Mpaka yangu yazae, nikuletee viganja vyako viwili." Akakitundika kibuyu mwenyewe, akayatazama mafiga. "Nawe nikishakuletea hivyo, utaviweka wapi? Kwenye ndoo?"

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa yule mwenye kiwanja cha Chita. Niliiacha iite, nikainama kupuliza, maana moto ulikuwa unazimika.