Deni Lililotangazwa Msibani

Bertilla wa kijiji cha Pito hakuwa mtu wa kula msibani. Aliteka maji, akasonga ugali wa watu wote na akalia kwa sauti, lakini sahani ikimfikia aliipitisha kwa mwingine. Wageni walidhani ni maringo. Wenyeji walijua sababu, na ukiwauliza waliangalia pembeni, maana siku ile nao walikuwapo.

Siku yenyewe walikuwa wamemzika mumewe, Modesti, mwaka mmoja kabla ya Operesheni Vijiji. Modesti alikuwa amekopa plau la kukokotwa na ng'ombe kwa Felisiani, mwenye duka kule Chanji. Walikubaliana amlipe magunia mawili ya ulezi kila mavuno, na alikuwa amefika nusu homa ilipomchukua. Watu waliporudi kutoka makaburini, msemaji wa familia aliuliza, kama ilivyo desturi, kama yuko anayemdai marehemu. Kwa kawaida watu hunyamaza, au mtu hutaja deni la kuku na kulisamehe palepale.

Felisiani alisimama huku anatafuna. Mchuzi wa maharage ulikuwa ukimng'aa kidevuni, na kaburi bado bichi. Alisema anadai, tena kwa masharti mapya: magunia manne kila mavuno badala ya mawili, na yakipungua hata mara moja, plau linarudi kwake na kilichokwisha kulipwa kimekwenda.

Bertilla, khanga imemfunika kichwa, hakujua hata ni nani aliyekuwa akisema. Shemeji yake Zenon, mdogo wa marehemu, alimwinamia sikioni.

"Kubali, shemeji. Unataka kaka alale na deni? Watu wanatusikiliza."

"Nimekubali," akasema.

Zenon akamnawisha mikono, akamkatia tonge, akambembeleza mpaka akalimeza. Watu wakamsifu kwa huruma yake.

Mavuno yaliyofuata Bertilla alilipa manne yote, akabaki na watoto wanaolala kwa kula maboga matupu. Kisha Operesheni ikawahamisha, mashamba mapya yakachelewa kulimwa, mvua nayo ikawa ya kubahatisha. Akapata magunia mawili tu. Felisiani alikuja na wapagazi, akachukua plau, na yale magunia mawili pia akayapakia. Alisema ni ya usumbufu. Mtu wa namna hiyo unamwitaje? Mimi jina ninalo, ila si la kuandikwa.

Bila plau, Bertilla angelima kwa jembe la mkono, na kwa jembe la mkono wanawe wasingeshiba. Akaamua kwenda Mahakama ya Mwanzo mjini. Majirani walimcheka. Ulikubali mbele yetu sote, walisema, sasa unakwenda kubisha nini? Akaenda.

Hakimu alikuwa Nsajigwa, mtu wa Mbeya, asiyependa maneno mengi. Felisiani alikuja na Zenon kama shahidi.

"Ulisema umekubali, hukusema?" hakimu akamuuliza Bertilla.

"Nilisema, ndugu hakimu. Siku ile hata wangeniambia nikubali kwamba nimemuua mimi, ningekubali."

Hakimu akamgeukia Zenon. "Nani alimwambia akubali?"

"Mimi. Nilikuwa naisitiri familia."

"Na plau liko wapi sasa?"

"Nimeshaliuza," Felisiani akadakia.

"Kwa nani?"

Zenon akaanza kujisogeza kuelekea mlangoni. Hakimu akauliza tena, akipandisha sauti.

"Kwa huyu hapa," Felisiani akasema, akimwonyesha Zenon. "Alikuwa ameshaniomba."

"Tangu lini?"

"Tangu msibani."

Bertilla alisikia lile tonge likimpanda kooni, lenye umri wa miaka miwili. Alitoka nje akatapika nyuma ya mahakama, akishika ukuta, na kinyaa hicho hakikumwacha tena maisha yake yote.

Hakimu aliamua kwamba neno lililotolewa na mjane siku ya maziko, huku akisukumwa na mwenye faida, si makubaliano. Tena mali iliyokwisha kulipiwa sehemu kubwa hainyang'anywi kienyeji. Plau lirudi, magunia yote yahesabiwe, kilichobaki kilipwe kama alivyopatana Modesti. Zenon, aliyekuwa ameimaliza ncha ya plau kwenye mawe, anunue mpya.

Zenon alilirudisha alfajiri, akalitupa nje ya mlango likiwa na udongo wake. Bertilla alilisugua kwa majivu, mpini zaidi kuliko chuma, maana ndipo Zenon alipokuwa akishika. Ncha mpya hakuiona, siku hiyo wala baadaye. Alimalizia deni la Felisiani na wanawe wakala.

Miaka ikapita, Zenon naye akafa. Walipotoka makaburini msemaji akauliza kama yuko anayemdai marehemu, na macho yote yakamgeukia Bertilla. Epifania, mjane wa Zenon, alikuwa mkekani, kichwa kimefunikwa.

Bertilla akasimama.

"Namdai," alisema. "Lakini sisemi deni lenyewe leo. Epifania mdogo wangu, wewe lia kwanza. Nitakuja machozi yakikauka, tukae mimi na wewe. Ukiona sina haki, nikatalie."

Sahani zilikuwa zimeanza kupita. Akachukua ndoo yake, akaenda kuteka maji.