Miezi Sita kwa Ajili ya Mpunga

Hakimu alisema: faini laki tano au kifungo cha miezi sita. Kosa la baba lilikuwa kulima mpunga ng'ambo ya bikoni, nguzo ya mpaka, ndani ya hifadhi. Mto ulikuwa umerudi nyuma, ukaacha ardhi nyeusi imelala wazi, naye akaifuata.

Nyuma ya mahakama ya Ifakara, polisi alituruhusu kuongea naye dirishani mpaka gari la gereza lifike. Mama alikuwa ameshapiga hesabu: nguruwe wote, baiskeli na cherehani vingetosha faini.

"Usiuze kitu," baba alisema.

"Baba watoto, jela si kambi ya uvuvi."

"Afadhali. Kambini najipikia."

Polisi alicheka. Baba hakucheka.

"Mpunga unatoa masuke. Kaamieni ndege. Mimi nikikaa ndani, kosa limelipwa. Nyie mtavuna."

Tulimwamini. Kijijini kwetu, upande wa Namawala, mtu akitozwa na wazee kwa kuvuka mpaka wa jirani, huachwa avune kwanza ndipo aondoke. Baba alipanda gari la gereza akiwa na hesabu hiyo kichwani.

Wiki tano tulishinda juu ya dungu la miti, tukiwatupia ndege udongo kwa kombeo. Mpunga uliiva vizuri mno. Kila asubuhi tulikuta alama mpya za matairi kando ya shamba, na hatukumwona aliyepita.

Siku ya kuvuna, pikipiki ilisimama kwenye bikoni. Askari wa hifadhi alishuka, akamwamkia mama shikamoo kwa heshima iliyonitisha.

"Mama, mpunga huu haukatwi."

"Mwenyewe anatumikia kifungo chake."

"Anatumikia kwa kulima. Kifungo hakinunui shamba. Ukikata, nawe utasimama pale aliposimama yeye."

"Kwa hiyo mume wangu anakaa ndani kwa ajili ya nini?"

Askari aliangalia masuke yaliyoinama. "Nazunguka hadi mtoni," alisema. "Halafu narudi."

Hatukujua kama alikuwa anatuonea huruma au anatutega. Mlio ulipofifia, mama alivua kandambili, akashika mundu, akaingia. Nikamfuata. Tulikata tumeinama. Jaruba la kwanza lilikuwa halijafika nusu tuliposikia pikipiki. Safari hii zilikuwa mbili.