Jiwe Lililokwenda Kakuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilimwaga ndoo nzima ya mchanga kabla haujachekechwa. Nilidhani ni takataka. Daktari, mwanamke wa makamo aliyesimamia uchimbaji wa mambo ya kale, hakunipigia kelele. Alichuchumaa kwenye lile rundo, akalipekua kwa vidole mpaka akapata kitu kidogo cha duara, chembamba kama ukucha.

"Hii ni shanga ya ganda la yai la mbuni," akasema. "Kuna mtu aliivaa. Wewe ulikuwa unamtupa, Akiru."

Nilikuwa nimetoka Lodwar na mtoto mgongoni, natafuta kibarua chochote. Sikujua kwamba kazi hiyo ingenishika mpaka nywele zigeuke mvi.

Mahali penyewe ni upande wa ziwani, kabla hujafika Kataboi. Kuna nguzo za mawe meusi zilizosimikwa kwa duara, nyingine wima, nyingine zimeinama kama watu waliochoka. Sisi Waturkana tuliyakuta mawe hayo. Wazee husema walikuwa watu wakicheza ngoma. Akaja mgeni asiye mtu, akaingia uwanjani kucheza nao, akawaonya wasimcheke. Wakamcheka, wakageuka mawe papo hapo. Mpita njia huweka kijiwe juu ya nguzo, akawasalimu, ndipo aende zake.

Tuligawa eneo kwa kamba na vigingi likawa miraba, tukachimba tabaka baada ya tabaka, kwa sababu udongo wa chini ndio uliotangulia kulala. Tulitumia mwiko, ule ule wa mwashi, na brashi ya kupakia rangi. Chini ya duara tulikuta waliozikwa, wazee kwa watoto, na shanga zao za mawe ya kijani. Daktari alituambia walikuwa miongoni mwa wafugaji wa mwanzo wa ziwa hili, maelfu ya miaka kabla yetu.

Mkuu wa makumbusho pale Lodwar hakuipenda hadithi ya ngoma. "Wageni wakija, waambie yaliyochimbwa," aliniagiza. "Hayo ya kucheka na kuwa mawe, acha."

Nilipomweleza Daktari, alitabasamu. "Mwambie hiyo hadithi ndiyo askari aliyelinda hapa kabla wewe hujaajiriwa."

Uchimbaji ulipokwisha nilifanywa mtunzaji wa mahali hapo. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuzuia mbuzi, kuongoza wageni na kukagua kila nguzo kwa mchoro tulioachiwa. Mwaka mmoja nilikwenda Katilu kumuuguza mama mkwe. Niliporudi nilikuta pengo. Nguzo moja haikuwepo, na alama za magurudumu ya lori zilifika mpaka kwenye shimo.

Mama Ekai, mfugaji aliyeishi jirani, alinikuta nimesimama pale.

"Ni lori ya kokoto," akasema. "Walisema serikali imewatuma. Sasa wewe, Akiru, ulikuwa unatuchungia nini?"

Niliona aibu ambayo hata leo naikumbuka mwilini.

Mkuu alimtafuta dereva wa lori, naye dereva akakiri kuwa jiwe ameliacha Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. "Napeleka polisi," Mkuu akasema.

"Nipe siku mbili, mzee," nikamsihi. Niliogopa kwamba wakimbizi wakiona polisi wangelivunja na kulificha, au akamatwe mtu asiyejua chochote.

Nililikuta limelazwa mlangoni mwa kanisa dogo la matofali ya udongo, limekuwa kizingiti, saruji pembeni. Mzee wa kanisa, Santino, alitoka Sudan Kusini zamani. Nilimwonyesha mchoro, nikamweleza ni nguzo ya makaburi.

"Dereva alisema ni jiwe ya barabara, imebaki tu," akasema. "Malesh, samahani, mama. Sisi hapana jua."

Lakini mama mmoja wa kwaya alikuja juu. "Kila siku sisi naambiwa toa, hama, rudisha! Hii kanisa tumejenga na mikono yetu. Sasa hata mlango mnataka?"

Alikuwa na haki yake. Sikubishana naye. Niliketi nao kwenye mkeka tukachambua maharagwe, nikawasimulia shanga ya siku yangu ya kwanza, na watoto tuliowakuta chini ya mawe. Maharagwe yalipokwisha, Santino aliinua kichwa.

"Mama yangu nilizika njiani, tukikimbia," akasema polepole. "Hakuna jiwe. Hata mahali sikumbuki. Siwezi kukanyaga jiwe ya mama ya mtu kila Jumapili."

Yule mama wa kwaya ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta mtaimbo.

Nilimpigia Mkuu simu nikitarajia makaripio. Badala yake aliwatafutia Santino na wanaume watatu kibali cha kutoka kambini, akaja na gari mwenyewe. Mafundi wake wakawajengea kizingiti kipya cha zege.

Kulisimika jiwe tena mahali pake kulikuwa kazi nzito. Wanaume walilisukuma kwa mitaimbo huku mimi nikipima kwa mchoro. Santino alirudi nyuma hatua moja zaidi, akateleza, akaketi shimoni kwa matako. Hakuna aliyethubutu kucheka. Wote tuliganda tukitazamana, na Mama Ekai amejiziba mdomo.

"Mbona mnasimama kama mawe?" Santino akauliza kutoka shimoni.

Mama Ekai akaangua kicheko, nasi wote tukamfuata, hata Mkuu. Tulicheka mpaka machozi, kisha kila mmoja akajikagua mikono yake.

Jiwe lilisimama. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu. Mchoro ulionyesha shimo na kimo, haukuonyesha uso upi ulielekea mashariki. Nilikuwa nimelipita jiwe hilo kila siku kwa miaka, na sikuweza kukumbuka. Nilimpigia Daktari, ambaye wakati huo alikuwa amezeeka, hachimbi tena, anafundisha tu.

"Andika kwamba haijulikani," akasema.

"Ni aibu, Daktari."

"Aibu ni kuwadanganya watakaokuja."

Sasa nimestaafu, na vijana wanaokuja kuniuliza juu ya kazi hii hutaka kusikia tuliyovumbua. Nawaambia tuliyovumbua. Kisha nawaambia kuwa yapo mengi nisiyoyajua: majina ya wale watu, lugha waliyowalilia wafu wao, na kama jiwe lile linawatazama waliolala chini yake au limewapa kisogo. Hilo la mwisho niliandika katika ripoti kwa mkono wangu: *uso uliotazama mashariki haujulikani*. Katika yote niliyoandika kazini, sentensi hiyo ndiyo ninayoionea fahari.