Nilituma posa kama kwenye filamu za Kihindi, kumbe filamu zenyewe zimebadilika

Wakuu, hamjambo? Chumvi nimeiacha jikoni. Haya yamenikuta mimi mwenyewe hapa Doha, na hadi sasa kichwa kinazunguka.

Mimi ni mlinzi kwenye jengo moja West Bay. Neema ni nesi, Mtaita wa Voi. Tulijuana 2009 kwenye duka la DVD pale Al Mansoura, sote tumeshika nakala moja ya filamu ya Kihindi. Nikamwachia. Mapenzi yakaanzia hapo.

Mnazijua zile za zamani. Saa tatu nzima! Vijana wanapendana, baba mtu hataki, mama analia na sinia la maua mkononi, mwisho mzee analainika na ukoo mzima unacheza harusini.

Neema alikuwa akilia mpaka leso inalowa. Nikajiambia, huyu nimeshamsoma.

Mwaka huu wa 2014 nikaamua kuoa. Kwetu pwani posa inapelekwa na wazee, basi nikawatuma ami zangu hadi Voi. Babake akakubali. Nikampigia simu: "Mzee, usimwambie kwanza. Nataka ajue siku ya pete."

Nilijiona mjanja kweli.

Ijumaa iliyopita sote tulikuwa off. Sinema ina filamu mpya, kwenye bango kuna bibi harusi na babake. Mpango wangu: harusi ikianza tu kwenye skrini, natoa pete.

Wakuu, bibi harusi aliinuka na hina yake mkononi! Akamwambia babake kwamba wamepanga yote bila kumuuliza. Akavua mapambo, akapanda teksi, akaenda kazini. Khalas, filamu imeisha. Wimbo hakuna, mzee wa kulia hakuna.

Mbele yetu alikaa mama wa Kihindi, mvi tupu, sari ya heshima. Nikajua huyo lazima atalaani. Alikuwa amesimama anapiga makofi!

Kugeuka, Neema naye anapiga.

Jasho lilinitoka na AC yote ile.

Tulipotoka nje nikamuuliza, "Si wewe ulikuwa unapenda zile za zamani?"

"Hata sasa nazipenda. Lakini ushawahi kuniuliza nilikuwa nalia nini?"

Sikuwahi, wakuu. Miaka mitano.

"Nilikuwa namlilia yule msichana. Wote wanaulizwa, yeye haulizwi."

Nikashindwa kuficha. Nikamwambia ya posa. Akatoa simu pale pale, akampigia babake. "Baba, shikamoo. Posa umeijibu wewe. Mimi bado sijaulizwa."

Akakata. Akapanda teksi. Mimi nikabaki kwenye jua na pete mfukoni, nimeaibika, sijui kama nimeachwa au la.

Jana ameniandikia: "Ijumaa nina tiketi mbili. Njoo na swali. Pete iache."

Sasa hilo ni ndiyo au ni hapana?

Nilichojifunza ni kwamba niliyatazama machozi ya mtu miaka yote nikajijibu mwenyewe. Baba ana jibu lake, na binti ana lake.

Dada zetu humu, nisaidieni. Mtu anaulizwaje bila pete, bila ami, bila wimbo? Nimejaribu mbele ya kioo, sauti haitoki.

Filamu ni kesho saa nane mchana.