Mkono wa Gauni la Mzuka

Saa mbili asubuhi, fundi anavaa miwani, anang'ata uzi na kulitandaza gauni jeupe juu ya meza ya kukatia. Mkono wa kushoto anaupachika kinyume, mbele nyuma, kwa makusudi kabisa.

"Asiyejua atasema nimezeeka vibaya," anasema, akicheka.

Mama huyu wa miaka hamsini na minane ndiye aliyeshona gauni la mzuka katika filamu ya kutisha ambayo watu hawajaisahau, ile ya mwanamke anayezunguka jumba kubwa akimtafuta mwanawe, mkono mmoja ameubana kifuani. Hadi leo watoto huuiga mwendo ule wakitishana.

Miaka ishirini na miwili iliyopita alipewa siku moja tu kulimaliza. Kwa haraka akaupachika mkono kinyume. Mwigizaji alipolivaa akashindwa kuunyoosha, akaubana kifuani, na ndivyo alivyopigwa picha. Watazamaji wakausifu ubunifu huo. Fundi akauchuna, siri akabaki nayo.

Sasa inatengenezwa filamu inayorudi nyuma, kusimulia maisha ya mwanamke huyo kabla hajafa. Gauni jipya lilishonwa kwenye karakana nyingine, likanyooka kama rula. Mwigizaji mpya alihangaika na ule mwendo siku tatu, ukamkataa. Mwongozaji akamtafuta fundi wa zamani, akamuuliza siri yake.

Fundi anakiri kwamba aliitamani mno kazi ya kulishona upya gauni hilo. Ukweli ungeweza kumnyima.

"Nikasema liwalo na liwe. Nikamwambia, mwanangu, ule haukuwa ufundi. Nilikosea."

Mwongozaji akamwomba akosee tena.

Kumbe si rahisi. Mara mbili vidole vyake viliupachika mkono sawasawa bila yeye kutambua, ikabidi afumue. Mara ya tatu mwigizaji alilivaa, akapiga hatua nne, na mkono ukajibana kifuani, mwendo ukawa ule ule. Fundi anasema hajawahi kujivunia mshono kama huo; hili la leo ni la akiba.

Safari hii jina lake litaandikwa mwishoni mwa filamu. Katika ile ya kwanza halikuwamo. Amepanga kwenda kuitazama na mama yake mzazi, mwenye miaka themanini na minne, aliyemfundisha cherehani na ambaye kila mshono uliopinda aliufumua papo hapo. Bibi huyo hajui lolote kuhusu gauni.

"Nitasubiri jina langu litokee, ndipo nimwambie: Mama, ule mkono niliukosea mimi. Huo usiufumue."